Nywele bandia nimebandika mwenyewe, sasa hazitoki. Nifanyeje?

Utosi_Wazi

Wakuu, nawasalimu. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, taulo mabegani, simu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeshika ncha ya nywele zangu bandia iliyobanduka kama sentimita mbili hivi juu ya panja. Sehemu iliyobaki imegoma.

Nianzie nyuma kidogo. Upara ulinianza nikiwa na miaka 27, leo nina 41. Pembeni na kisogoni nywele zipo tele, ni pale utosini tu pamebaki uwanja. Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kofia. Hivi karibuni nikaagiza kipande cha kufunika utosi: katikati leisi, ukingoni kimezungushiwa plastiki laini nyembamba, nywele za binadamu, nyeusi. Kilikuja na chupa ndogo ya gundi na karatasi ya maelekezo yenye picha nne. Ya nne ni jamaa anatabasamu. Picha ya jamaa akikitoa hawakuiweka.

Nikanyoa utosi, nikafuta kwa maji, nikapaka gundi. Karatasi ilisema tabaka nyembamba. Nikajisemea, nyembamba ya nini, kikidondoka mbele za watu uso nitauweka wapi? Nikapaka kama fundi anayebandika vigae, nikakilaza hapo hapo gundi ikiwa bado nyeupe. Siku mbili za kwanza kilikuwa kinateleza kila nikikigusa. Ya tatu kikashika. Leo ni siku ya kumi na moja.

Tangu juzi kichwa kinawasha, hasa katikati, na kuna harufu ambayo naona aibu kuitaja (soksi). Kazini hakuna aliyesema neno. Nyumbani binti yangu wa miaka sita alinitazama siku ya kwanza tu akauliza, "Baba, mbona nywele zako zimekaa upande?" Na kweli zimekaa upande, kama kidole kimoja kuelekea kushoto.

Leo nikaamua kuzitoa. Nimevuta, nikahisi na ngozi inakuja, machozi yakanitoka. Pale nilipovuta pamechubuka, na nywele zangu halali za pembeni kama tano zimeng'oka na mashina yake. Nimejaribu maji ya moto na sabuni, wapi! Ndani nina mafuta ya nazi, spiriti ya kusafishia vidonda, na asetoni ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha. Yeye amesafiri, anarudi kesho jioni, na sitaki anikute nimebanduka nusu.

Nitumie kipi, na kwa utaratibu gani? Na mwenye moyo aniambie nilikosea wapi kwenye kubandika, maana sijakata tamaa.

MamaKitana

Mdogo wangu, kwanza toa huo mkono kichwani. Usivute tena hata kidogo. Asetoni irudishe ulikoitoa: itakukausha ngozi na kukuunguza hapo palipochubuka, huo ukingo wa plastiki inaweza kuuharibu kabisa, na ikichuruzika machoni utatusahau wote.

Mimi nywele zilinitoka zote miaka minane iliyopita, kwa ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mashina ya nywele. Tangu hapo navaa wigi la leisi na nalibandua mwenyewe kila wiki. Kwa hiyo kubandua nimefanya mara mia kadhaa, na mara ya kwanza nilifanya kama wewe, nikatembea na kidonda nyuma ya sikio kwa siku kumi. Nilichojifunza ni kimoja: gundi haivutwi, inayeyushwa. Mkono wako kazi yake ni kusubiri.

Kwa vile umeshachubuka, tumia mafuta. Yanakwenda polepole lakini hayachomi. Yapashe kidogo kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto, yawe vuguvugu, sio moto. Nywele bandia zibane kwa vibanio zielekee katikati ya kichwa ili ukingo wote uonekane. Kisha chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye, upitishe pale ukingo unapokutana na ngozi. Anzia kisogoni. Usianzie mbele, kwa sababu mbele ndiko macho yaliko.

Zunguka mara ya kwanza, weka kijiti chini, subiri dakika kumi. Zunguka tena. Na pale katikati kwenye leisi una bahati, kwa sababu leisi ina matundu: dondosha mafuta kwa juu, katikati ya nywele, uyasukumie ndani kwa ncha za vidole bila kusugua. Funika kwa taulo lenye uvuguvugu. Kaa nusu saa nzima. Umesema ulipaka kama vigae, basi usitegemee muujiza wa dakika tano.

Baada ya hapo jaribu kuinua nyuma kwa kidole. Ukiona nyuzi za gundi zinavutika kama utando wa buibui kati ya ngozi na kipande, gusa hizo nyuzi na kijiti chenye mafuta, zitakatika zenyewe. Pakikataa, hapo ni pa kuongeza mafuta na kusubiri. Usipainue kwa nguvu. Unasonga mbele kwa upana wa kidole, unaongeza mafuta, unasonga tena.

Ukifika mbele lala chali au rudisha kichwa nyuma, na taulo likunjwe juu ya nyusi.

Nipo macho, utuambie.

Kofia_Siivui

Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto wa miaka sita. "Zimekaa upande." Mwacheni huyo mtoto awe mkaguzi wa taifa.

Wembe_Mkavu

Mkuu pole. Mimi ni kinyozi, na hivi vipande nafunga na kufungua karibu kila siku. Dada hapo juu amesema vizuri ila kwenye mafuta tunatofautiana kidogo. Mafuta yanatoa gundi, ni kweli, lakini yanabaki kwenye leisi, na wengi wanakuja kwangu wakilalamika "kipande hakishiki tena" kumbe kimejaa mafuta kwenye kitako, yaani upande wa ndani unaogusa kichwa. Mimi natumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au dawa yenyewe ya kutolea gundi. Inafanya kazi kwa dakika tatu hadi tano na inakauka bila kuacha kitu.

Lakini kwa huyu mwenye mchubuko leo, naungana naye: mafuta. Spiriti kwenye kidonda utaruka dari. Kesho na kesho kutwa ukishapona ndio ununue dawa.

Jambo ambalo halijasemwa: spiriti, alkoholi na karibu dawa zote za kutolea gundi zinashika moto, na mvuke wake pia. Fungua dirisha. Usivute sigara, usiwashe mshumaa, usiwe karibu na jiko, na usiwashe drya ya nywele kichwa kikiwa bado kimelowa spiriti. Nimeshawahi kumnyang'anya mteja kiberiti mkononi akiwa kwenye kiti changu.

MamaKitana

@Wembe_Mkavu hapo kwenye mafuta kubaki kwenye leisi nakubali, nilisahau kusema. Kikishatoka lazima kioshwe na shampuu mara mbili upande wa kitako. Mimi sina utosi unaostahimili alkoholi kila wiki, ngozi inakauka inapasuka, kwa hiyo nachagua shida ya kuosha.

Utosi_Wazi

Kimetoka! Saa moja na dakika ishirini. Nyuma kilifunguka baada ya mzunguko wa tatu wa mafuta, na zile nyuzi za buibui dada yangu ulizozisema niliziona kwa macho yangu, nikigusa na kijiti zinakatika kimyakimya. Kuna sehemu moja karibu na panja la kulia ilinikalia dakika ishirini peke yake. Nilikaribia kuvuta. Nikaweka mkono chini ya paja, nikaukalia.

Sasa nilichokuta chini. Pembeni gundi ilikuwa imekauka vizuri kabisa, safi kama utando wa plastiki. Lakini katikati, mahali pana kama kiganja, gundi ilikuwa bado nyeupe, tepetepe, kama ute. Siku kumi na moja! Ngozi hapo imekunjamana na kupauka kama vidole vilivyokaa majini muda mrefu, na kuna vipele vidogo kama kumi na mbili hivi. Harufu imetoka hapo hapo. Kipande chenyewe kwa ndani kimejaa uchafu wa gundi uliochanganyika na nywele zangu zilizokuwa zinaota.

Maswali: (1) naweza kukirudisha kesho asubuhi, maana Jumatatu nina kikao? (2) huu uchafu kwenye leisi unatokaje?

MamaKitana

(1) Hapana. Kikao utakwenda na kofia, au na utosi wako kama ulivyo.

Hiyo ngozi imekaa chini ya unyevu uliofungiwa kwa siku kumi na moja. Osha kwa shampuu laini na maji vuguvugu, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, acha wazi ipate hewa. Gundi iliyobaki kichwani usiikwangue kwa kucha. Paka mafuta kidogo, acha dakika chache, zungusha kidole, itajikunja vipande vidogo kama kifutio cha penseli, kisha osha tena. Vipele vikitoa usaha, au ngozi ikavimba, au ukawashwa zaidi kesho kuliko leo, nenda kwa daktari na chupa ya gundi mkononi aone ilichoandikwa. Kama ni mzio, hutakiwi kuirudia gundi hiyo kamwe, hata kama ilikuwa ghali.

Hivi ulijipima kabla? Tone moja nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, ukasubiri saa 48? Nadhani jibu ninalo.

(2) Leisi anajua zaidi kinyozi.

Wembe_Mkavu

Leisi ni nyuzi nyembamba sana, mkuu, na kila unywele umefungwa kifundo kwenye uzi. Ukisugua unakata uzi au unafungua kifundo, na kila kifundo kinachofunguka ni unywele umekwenda. Kwa hiyo: tandika taulo, laza kipande kichwa chini, kitako kikutazame wewe. Nyunyiza alkoholi au dawa ya kutolea gundi upande wa kitako (sasa hapa hakuna kidonda, tumia), subiri mpaka gundi ilainike iwe kama uji mzito, kisha chukua brashi ya meno laini uipitishe upande mmoja tu, kutoka katikati kwenda nje. Usiende mbele na kurudi. Gundi itajikusanya ukingoni, ifute kwa karatasi laini. Rudia. Kwa unene uliopaka wewe itakuchukua raundi tatu au nne.

Halafu shampuu. Maji vuguvugu, mimina toka juu kwenda chini kama mvua, usikisokote kama unafua shati. Kondishena iishie kwenye nywele kuanzia katikati kwenda ncha. Usiiweke kwenye kitako, maana inalainisha vile vifundo na nywele zinaanza kuteleza kutoka. Watu wengi wananiambia "hili wigi lilikuwa feki, limepukutika" kumbe wamelilegeza wenyewe. Kondishena hata hivyo usiiache, kwa sababu nywele hizi hazipati mafuta ya kichwa kama zile zinazoota, zikikauka ndio zimekauka.

Kigandamize kwa taulo, kiweke juu ya kitu cha mviringo, kiache kikauke kwa hewa.

BintiWaPili

Samahani kudandia. Mama yangu yuko kwenye matibabu ya saratani, nywele zimetoka zote wiki hii. Tumemnunulia wigi. Nilikuwa nataka kununua gundi ili lisiteleze, ila nikisoma haya naogopa.

MamaKitana

Binti, ogopa tu, kwa hili uoga ni mzuri. Kipindi cha matibabu ngozi ya kichwa inakuwa nyepesi na mwili hauna nguvu ya kupigana na kidonda. Gundi asitumie kabisa. Mtafutie mkanda mpana wa kitambaa kama mahameli, unavaliwa kichwani kwanza kisha wigi linakaa juu yake na halitelezi. Wigi lenyewe kwa ndani nyuma lina vikanda viwili vidogo vya kukazia, virekebishe. Usiku alivue. Na kama halitaki, anavaa kitambaa laini cha pamba, hana deni la mtu. Ukiwa na swali lolote muulize muuguzi wake. Mpe pole yangu.

BintiWaPili

Asante sana mama. Nimempelekea ujumbe wako ameusoma mwenyewe, amecheka hapo kwenye "hana deni la mtu".

Wembe_Mkavu

Turudi kwa jamaa. Uliuliza ulikosea wapi. Mkuu, mengi.

Kosa la kwanza ni unene. Gundi nyeupe kama yako ni ya maji. Weupe ule ndio maji yenyewe, yakishatoka inakuwa angavu kama kioo. Ukipaka nene ukafunika gundi ikiwa bado nyeupe, matundu ya leisi yanaziba na maji hayana pa kutokea. Pembeni yametoka kwa sababu kuna hewa, katikati yamebaki. Ndio ute uliouona. Kwa hiyo si kwamba ulishika sana, hapana, katikati haikuwahi kushika kabisa. Kilichokuumiza ni ukingo tu.

Kosa la pili, ulifuta kwa maji. Ngozi ya kichwa inatoa mafuta muda wote. Osha kwa shampuu isiyo na kondishena, kausha, kisha futa kwa pamba yenye alkoholi, usubiri ikauke yenyewe. Pitisha kidole: kikiteleza, futa tena. Kikikwama kidogo kama kinagusa glasi iliyooshwa, tayari.

La tatu, hukupima mahali. Hiyo ndio sababu mtoto alikuona. Simama mbele ya kioo, inua nyusi kama mtu aliyesikia bei ya ajabu. Paji la uso litakunjamana. Mkunjo wa juu kabisa, tia nukta hapo katikati kwa penseli ya nyusi: nywele zinaanza hapo au juu kidogo. Kwa watu wengi inakuja kama vidole vinne juu ya nyusi. Wengi wanashusha mno wakitaka kurudi miaka 16, halafu wakicheka, nywele zote zinapanda na kushuka. Kisha weka nukta nyingine kwenye kila panja na moja nyuma. Kivike kipande kikavu kwanza, bila gundi, kisogeze mpaka kikae, ndio uchore ukingo wake kuzunguka kichwa. Ule mchoro ndio ramani yako. Nywele zako nyoa ndani ya mchoro tu, ukibakiza nafasi ndogo pembeni zisije zikaingia kwenye gundi.

Sasa gundi. Tabaka la kwanza liwe jembamba mpaka ujiulize kama umepaka. Subiri liwe angavu. La pili, subiri. La tatu, subiri tena. Kila moja ni dakika tano au zaidi, hewa ikiwa na unyevu inachelewa. Gusa kwa mgongo wa kidole: kinate lakini kitoke kikavu. Hapo ndio unaweka kipande. Mbele kwanza, nukta kwa nukta, kisha unakiviringisha kurudi nyuma taratibu kama unatandika mkeka, usikiangushe chote kwa mpigo. Gandamiza kwa mgongo wa kitana, kutoka katikati kwenda nje, hewa itoke. Funga kitambaa kichwani dakika kumi na tano. Siku ya kwanza usioge kichwa na usifanye mazoezi ya kutoka jasho.

MamaKitana

Mimi ningemshauri mgeni aanze na utepe, ule unaonata pande zote mbili. Utepe hauna habari ya kukauka. Unaukata vipande vifupi, unavibandika kwenye ule ukingo wa plastiki kwa ndani, vikaribiane bila kupandana, unatoa karatasi ya juu, unaweka. Ukikosea unatoa, unaanza upya. Gundi ni ndoa, utepe ni uchumba.

Wembe_Mkavu

Utepe unaonekana mbele kwenye leisi, unang'aa mwangani.

MamaKitana

Kipande chake ukingo wote ni plastiki, kasema mwenyewe. Soma.

Wembe_Mkavu

Haya, nimesoma. Utepe kwake ni sawa. Ila achague ule usiong'aa, na asiunyooshe anapoubandika. Utepe ulionyooshwa unataka kurudi ulivyokuwa, unainua ukingo.

Kofia_Siivui

Na gundi ya kubandikia viatu je? Rafiki yangu anauliza.

Wembe_Mkavu

Mwambie rafiki yako hapana. Wala gundi ya haraka ile ya vikombe na viatu. Hiyo ikigusa ngozi inashika ndani ya sekunde na inatoa joto. Nimeshamwona mtu aliyejaribu. Tulikata kipande, hatukukibandua, na yeye alikwenda kwa daktari.

Utosi_Wazi

Nawashukuru nyote. Swali moja la mwisho halafu nawaacha mlale. Nikiwa na utepe, nikae nacho siku ngapi? Kwenye tangazo waliandika wiki nne.

Wembe_Mkavu

Tangazo halina kichwa, mkuu. Piga hesabu: nywele za binadamu zinaota takriban sentimita moja kwa mwezi. Wiki mbili ni nusu sentimita, na hizo zinaota chini ya utepe, zinausukuma juu kama magugu chini ya turubai. Jasho nalo linalainisha. Kuna mtu anafika wiki mbili, kuna anayetoka jasho sana hafiki ya kwanza. Kwa ngozi iliyokwishaumia kama yako, siku saba, kisha ivue ipumzike usiku mzima.

MamaKitana

Siku saba. Na uchague siku maalumu, usisubiri ianze kuwasha ndipo ukumbuke. Halafu hizo nywele tano za pembeni zilizong'oka usizipuuze. Zitarudi, ila ukiwa unavuta mahali pale pale kila wiki kwa miaka, shina linakufa, na upara wako unapanuka kwa mkono wako mwenyewe. Ukibandua, upande wa nywele zako weka mafuta au dawa nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Utosi_Wazi

Wakuu, nimerudi, ni mwezi na nusu sasa. Niliahidi kuleta mrejesho.

Vipele vilikauka ndani ya wiki. Kikao kile nilikwenda na kofia, bosi akaniomba nivue kwa heshima, nikavua, kikao kikaendelea. Nilisubiri wiki mbili kamili ngozi ikae sawa. Nilijipima utepe nyuma ya sikio kwa siku mbili, salama. Gundi nayo nilijipima, tone moja tu: kufika asubuhi pamevimba kama nimeumwa na mdudu. Kumbe ule muwasho haukuwa wa unyevu peke yake. Chupa nimeitupa.

Kuosha leisi kulinichukua jioni nzima. Raundi tano, kinyozi, sio nne. Nimepoteza nywele chache upande wa kushoto kwa sababu raundi ya pili nilijisahau nikasugua kwenda na kurudi, nikasikia kabisa ule mlio mdogo wa uzi kukatika. Nikichana kuelekea huko hapaonekani.

Mara ya kwanza kubandika kwa utepe nilirudia mara tatu. Ya kwanza nilisahau kutoa karatasi ya kipande kimoja nyuma, kikawa kinapiga kelele kila nikigeuza shingo. Ya pili kulia kulizidi. Ya tatu kikakaa. Tangu hapo kila Ijumaa usiku nakivua: dawa ya kutolea gundi nyuma kwanza, dakika tano kwa saa ya simu, na mkono wangu mwingine bado naukalia, nimeona unasaidia. Kinatoka kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Jumamosi yote utosi uko wazi, hata wageni wakija. Jumapili jioni nakirudisha.

Mke wangu ameshazoea ila ameficha asetoni yake.

Nukta za penseli naweka mwenyewe, lakini kisogoni sioni, kwa hiyo mkaguzi wa taifa anasimama kwenye kigoda nyuma yangu ameshika kioo cha mkono. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeshabandika mbele, nakaribia kuviringisha kwenda nyuma, akasema, "Baba, ngoja. Kulia kidogo." Nikasogeza kulia kidogo. Akasema, "Haya."